Mistari ya Zambarau Shingoni

Asubuhi niliyotoka nyumbani Kalamba sikujua ninakwenda wapi. Nilijua tu kwamba mama alikuwa ameamka, na moto ukishika angekaa kwenye kigoda chake, animiminie chai, kisha aniulize tena swali lile lile.

"Alikuwa amepona. Nilimwona kwa macho yangu. Sasa alikufa na nini?"

Alikuwa akiuliza habari za dada yangu. Tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia, na tangu siku hiyo mama aliniuliza hivyo kila asubuhi, bila kulia, kama mtu anayeulizia njia. Jibu nilikuwa nalo. Dada mwenyewe ndiye aliyeniachia, na ndiye aliyenikataza kulitoa. Basi nikavaa koti, nikatia shati moja na blanketi ndani ya gunia, nikapita nyuma ya boma la mbuzi ili mama asinione. Ardhi ilikuwa kavu, mbaazi zilikuwa zimesimama shambani bila majani. Nilishika njia ya Matiliku kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yangu. Chini ya mkono wa koti, juu kidogo ya kifundo cha mkono, nilikuwa na alama ndogo ya msalaba wa zambarau.

Kuondoka hakukuwa jambo geni kwangu. Shule niliiacha darasa la sita, mwalimu akiwa amechoka na maswali yangu na mimi nimechoka na kiboko chake. Kuanzia hapo nilichimba visima na watu wa Makueni, nikavunja kokoto, nikapakia magunia, nikachunga ng'ombe wa watu. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua kitu kinavyofanya kazi, kisha miguu ikaanza kuwasha. Utotoni nilifungua saa ya marehemu baba nikashindwa kuifunga. Dada ndiye aliyenitetea siku hiyo. Alikuwa kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na kati yetu walikufa wawili wakiwa wadogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kijiti, mavumbini, kabla sijafika kwa mwalimu yeyote.

Uvimbe ulimtokea shingoni, chini ya sikio la kushoto, katikati ya miaka ya sabini. Mwanzoni ulikuwa mdogo na haukuuma. Kwenye zahanati walisema ni jino, wakamng'oa jino. Uvimbe ukabaki. Wakasema ni tezi, wakamdunga sindano. Uvimbe ukakua. Mume wake alikuwa kibarua Mombasa na alikuja nyumbani Krismasi tu, kwa hiyo ni mimi niliyempeleka Nairobi, kwenye hospitali moja kubwa, kwa sababu wakati huo nilikuwa nikipakia magunia sokoni huko na nilikuwa na chumba huko Mathare chenye kitanda. Yeye akachukua kitanda, mimi nikachukua sakafu.

Walikata kipande kidogo cha uvimbe, kidogo kama ukucha, wakakitazama kwa darubini. Baada ya hapo daktari alituita, akasema ni saratani, lakini ni ya aina inayoogopa mionzi. Nakumbuka neno hilo, inayoogopa. Dada alinigeukia akasema kwa Kikamba, "Basi na mimi nimepata wa kunisaidia kuiogopesha." Daktari hakuelewa kwa nini tulicheka.

Mashine ilikuwa ndani ya chumba chenye kuta nene kuliko kuta zozote nilizowahi kuona, na mlango mzito uliosukumwa polepole. Kabla ya siku ya kwanza, fundi wa mionzi, kijana mwenye miwani na sauti ya chini, alimlaza dada mezani, akawasha taa ambayo ilichora mraba wa mwanga shingoni, kisha akachovya kijiti chenye pamba katika ile dawa ya zambarau ambayo sisi sote tulipakwa mdomoni tukiwa watoto. Akafuata ukingo wa mwanga. Mstari nyuma ya sikio, mstari kando ya taya, mwingine juu ya mfupa wa bega, na msalaba mdogo katikati.

Muuguzi mmoja, mama mnene aliyependa kusema mara moja tu, alimwinulia kidole. "Mama, sikiza vizuri. Hii isiguswe na maji. Isiguswe na sabuni wala mafuta. Hii ndiyo inaonyesha mashine mahali pa kupiga. Ukiifuta, umeharibu kazi yote."

"Na jasho je?" dada aliuliza.

"Usitoke jasho."

"Hata kwenye ngazi zenu hizi?"

Muuguzi akacheka, lakini kidole hakukishusha.

Mimi nilibaki mlangoni nikiuliza. Siwezi kuona mlango mzito namna ile nisiulize nyuma yake kuna nini. Fundi wa miwani alikuwa na subira. Aliniambia kwamba ule mraba wa mwanga haukuwa dawa, ulikuwa taa tu ya kuonyesha mahali, na kwamba mionzi yenyewe haionekani, haisikiki, haina joto. Inatoka kwenye kipande cha madini kilichofungiwa ndani ya kichwa cha mashine, ndani ya kuta nene za madini ya risasi, na kipande hicho hakizimwi; hufunguliwa dirisha tu, kisha hufungwa.

"Na inajuaje nyama mbaya na nyama nzuri?"

"Haijui," alisema. "Inaumiza zote."

Nilikuwa nimefikiri ni kama mshale.

"Lakini nyama nzuri hujitengeneza," akaendelea. "Ukiipiga kidogo leo, ikilala usiku, kesho imeanza kujishona. Ile mbaya hushindwa kujishona vizuri. Ndiyo maana tunapiga kidogo kidogo kila siku, wiki nyingi. Hatuwezi kupiga mara moja tu."

"Kama kupalilia."

"Kama kupalilia," alikubali, "ila jembe letu linakata na mahindi pia."

"Na mtu akiacha katikati?"

"Wewe ni mkulima. Niambie wewe."

Sikuwa mkulima, lakini nilijua. Nilimweleza dada yote hayo jioni, tukila ugali na sukuma, na yeye akasikiliza kama alivyonisikiliza siku zote, akitafuna taratibu kwa upande usio na uvimbe. Alisema, "Kwa hiyo usiku mimi nashonwa." Tangu siku hiyo, kabla ya kulala aliniambia, "Mwana wa mwaitu, usiniamshe, niko kwa fundi wa nguo." Mwana wa mwaitu ni mtoto wa mama yetu. Ndivyo alivyoniita, hakupenda kutumia jina langu.

Wiki zilipokwenda uvimbe ulianza kuisha. Ulikuwa kama limau, ukawa kama tumba la pamba, ukawa kama punje ya mbaazi, na siku nyingine ilibidi autafute kwa kidole. Lakini ngozi ya juu iliungua. Iligeuka nyeusi kama ya mtu aliyechungulia tanuri, kisha ikachubuka na kulowa, kidonda cha upana wa kiganja kutoka sikioni hadi begani. Hakuweza kuvaa nguo yenye shingo. Watu njiani walimkodolea macho, mistari ya zambarau na nyama nyekundu ndani yake.

Hapo ndipo tulipomjua daktari wa pili, kijana wa chuo aliyekuwa akifanya utafiti juu ya ngozi iliyounguzwa na mionzi, jinsi inavyojifunga. Kazi yake ilikuwa hivi: kila wiki aliweka karatasi ya plastiki nyembamba, safi, juu ya kidonda, akafuata ukingo wake kwa kalamu ya wino. Kisha aliinua plastiki kwenye dirisha na kuhesabu ni eneo kiasi gani. Wiki iliyofuata aliweka nyingine. Ukiziweka pamoja, moja juu ya nyingine, unaona ngozi ikitembea kutoka pande zote kwenda katikati.

"Inatembea?" nilimuuliza.

"Kabisa. Seli za ukingoni hutambaa. Zikikutana katikati husimama. Hakuna anayeziambia."

Hilo lilinikosesha usingizi siku kadhaa. Nilikuwa na kovu gotini tangu utoto na sikuwahi kujua kwamba kitu kilitembea humo.

Plastiki moja wino wake ulikwaruzika, daktari akachora nyingine, na ile mbovu dada akaiomba. Aliibandika kwenye dirisha la chumba changu. "Tazama," alisema, "ni ramani ya Ukambani. Hapa kwenye pembe ni Mwingi. Hapa chini Mutomo. Hapa palipolowa sana ni Mto Athi."

"Na Nuu iko wapi?" nilimuuliza, kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za soko la mifugo la Nuu na kuna siku nilitaka kufika.

Aliangalia, akaweka kidole nje ya mstari. "Nuu haijaungua bado."

Siku moja fundi alisahau kijiti chake cha zambarau kikiwa bado kibichi kando ya meza. Dada alikichukua, akaniambia nikunje mkono wa shati. Alinichorea msalaba mdogo juu ya kifundo.

"Wa nini?"

"Wewe unazunguka kama mbuzi asiye na mwenyewe. Ukipotea, mashine itajua mahali pa kukupata."

Fundi aliporudi alituona tukicheka, akakunja uso, kisha akaugeuza upande mwingine ili tusimwone naye akicheka. Ule msalaba nilikataa kuuosha. Ulipofifia niliupaka tena kutoka kwenye chupa ndogo tuliyopewa ya kukolezea mistari, na nikaendelea hivyo.

Kisha mama mkwe wake akafariki. Habari ilikuja na dereva wa lori la machungwa, siku ya Ijumaa. Mume alikuwa njiani kutoka Mombasa. Mke wa mwana wa pekee hawezi kukosa kwenye mazishi ya mama mkwe. Hilo halikuhitaji mtu kulisema. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu za matibabu. Muuguzi alimruhusu Jumamosi na Jumapili, akamwinulia kile kidole tena: arudi Jumatatu, na alama isifutwe. Dada akafunga kitambaa cheupe shingoni, akapanda lori lile lile likirudi. Mimi nilibaki kwa sababu ya kazi. Jumatatu hakurudi.

Jumanne hakurudi. Wiki ikaisha. Nilijiambia mazishi yana mambo yake. Kisha mtu wa kwetu alikuja sokoni na magunia ya mbaazi akaniambia, "Dada yako? Amepona kabisa. Nimemwona akichota maji mtoni." Nikafurahi. Niliona hospitali imemaliza kazi mapema. Mwezi ulikuwa umekaribia kuisha nilipopata nafasi ya kwenda nyumbani, na nilikwenda nikiwa na sukari na kitenge, kama mtu anayekwenda kusherehekea.

Mama ndiye aliyenipokea. Alinishika mkono, akanivuta mpaka kwa dada aliyekuwa akipepeta mtama, akamfungua kitambaa. "Tazama kazi ya mama yako!"

Shingo ilikuwa safi. Kidonda chote kilikuwa kimefunga. Ngozi mpya ilikuwa laini, nyekundu kidogo, inang'aa kwa mafuta. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Mama akanieleza kwa furaha. Binti yake aliporudi kutoka mazishini, akiwa pia ametoka kushinda wiki nyingi mahali pa wagonjwa na wafu, hangeweza kuachwa aingie jikoni hivyo. Kwetu mtu wa namna hiyo huogeshwa na mama yake, kwa maji ya moto yenye majani, kisha hupakwa mafuta ya mbarika, mpaka harufu ya huko itoke. Mama alifika nyumbani kwa dada alfajiri, siku moja baada ya mazishi, akamkuta bado amelala kwa uchovu. Aliona ile zambarau akadhani ni uchafu wa hospitali, dawa ya zamani iliyokauka juu ya ngozi ya mtoto wake na hakuna muuguzi aliyejali kuiondoa. Alianza na shingo. Alisugua polepole, asimwumize. Alipomaliza, alipaka mafuta, na kila siku akaendelea kupaka. Kidonda kikafunga.

"Wale watu wako walimwacha anaoza," mama aliniambia. "Sikuwa na mashine. Nilikuwa na maji na mafuta."

Dada aliendelea kupepeta mtama. Jioni tulipokwenda kufunga mbuzi aliniambia.

"Nilipoamka, shingo ilikuwa tayari imeoshwa."

"Kwa nini hukurudi Nairobi?"

"Kufanya nini? Si ulisikia? Ukiifuta, umeharibu kazi yote. Mashine haijui tena mahali pa kupiga." Alifunga kamba ya mbuzi, akaikaza, akaifungua, akaifunga tena. "Na ningerudi, wangeuliza ni nani aliyefuta. Wangeandika. Habari ingemfikia mama kwamba ni yeye. Wewe ungemwambia mama yako jambo hilo?"

"Uvimbe je?"

Alichukua kidole changu, akakiweka chini ya sikio. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto. Chini yake kulikuwa na kitu kigumu, kama yai la kanga.

"Hata plastiki yangu ameiosha," alisema. "Ile ramani. Niliileta kumwonyesha. Ameisugua wino wote, sasa anafunikia maziwa." Akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, kisha tukasimama pale kati ya mbuzi bila kuangaliana.

Kesho yake tuliondoka. Mama aliambiwa ni kwenda kupimwa tu, ili wathibitishe kwamba amepona. Alitupa chupa ya mafuta tumpelekee daktari.

Yule kijana wa utafiti alifurahi alipomwona. Aliweka plastiki safi shingoni, akainua kalamu, akakosa mahali pa kuchora. "Hakuna ukingo," alisema. "Imefunga yote. Mama, umetumia nini?" Dada akamwonyesha chupa. Daktari aliinusa, akaanza kuuliza inakamuliwaje, inachemshwa muda gani, na mimi nikamwona jinsi nilivyo mimi mwenyewe, mtu ambaye swali likimshika haoni kingine. Kisha, akiwa bado anauliza, vidole vyake vilifika chini ya sikio. Akaacha kuuliza. Alikunja ile plastiki iliyokuwa safi, akaiweka mfukoni, akatoka kwenda kumwita mkubwa wake.

Mimi nilimtafuta fundi wa miwani. Nilimkuta akifuta meza. Nilimweleza kwamba alama zilifutwa, bila kusema na nani.

"Ndiyo sababu hakuja?"

"Ndiyo."

Alivua miwani. "Tungechora tena," alisema. "Tuna picha zake, tuna vipimo. Ni kazi ya dakika chache. Huwa zinafutika kila siku, watu wanatoka jasho, watu wananyeshewa na mvua. Tunawatisha ili wazitunze, basi."

Nilimuuliza kama angekuja ile Jumatatu angepona. Hakuharakisha kunijibu, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema hajui. Alisema nyama nzuri ilipata mwezi mzima wa kujishona na ile mbaya nayo ikapata mwezi huo huo. Lakini alisema pia kwamba amewaona waliokuja kila siku bila kukosa, ugonjwa ukarudi vilevile. "Hakuna mtu atakayekuambia kwa hakika. Akikuambia, anakudanganya."

Nilimwambia dada yote mawili. Alichukua la kwanza, la kuchora tena, akalitazama muda mrefu. "Dakika chache," alisema. Lile la pili sijui kama alilisikia.

Walimchora upya, wakampiga tena, lakini uvimbe haukuogopa tena. Ulishuka kifuani. Mwisho walituambia twende nyumbani, na walisema kwa upole. Alikufa kwenye kitanda cha mama, mchana, kuku wakiingia na kutoka. Siku chache kabla, mama akiwa kisimani, alinishika mkono pale penye msalaba.

"Asijue," alisema.

"Hata akiniuliza?"

"Hasa akikuuliza. Wewe una ulimi wa kueleza kila kitu. Hiki usieleze. Nikifa, aniogeshe kwa amani."

Na kweli, ni mama aliyemwogesha tena. Alianza na shingo.

Hayo ndiyo niliyoyabeba nikitembea kwenda Matiliku. Nilijua nikibaki, asubuhi moja nitajibu. Si kwa ubaya. Ni kwamba mtu akiniuliza kitu ninachokijua, kinanitoka chenyewe, ndivyo nilivyoumbwa. Na ningelazimika kueleza pia kwamba huenda kosa halikuwa lake, na mama angesikia sehemu ya kwanza tu, kama dada alivyosikia.

Matiliku nilikuta lori lililokuwa limeshusha mbuzi, linarudi tupu. Dereva alikuwa mtu wa kaskazini mashariki, mwembamba, ndevu zimepakwa hina.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Unakokwenda."

Alinitazama gunia na viatu. "Umeiba?"

"Hapana."

"Umeua?"

"Hapana."

"Umeoa?"

"Hapana."

"Basi panda nyuma. Wallahi, mtu ambaye hajafanya hata moja ana safari ndefu." Akasema anakwenda Nuu. Nilikaa kwenye samadi kavu ya mbuzi nikikumbuka kidole cha dada nje ya mstari wa wino.

Tulifika siku ya pili, jua likielekea milimani. Nuu ilikuwa maduka machache yaliyotazamana, zizi kubwa la miti ya miiba, na vumbi jekundu la ng'ombe walioondolewa. Dereva alinipeleka kwa mjomba wake, mzee mwenye duka la sukari, chumvi na ngozi. Mzee alisema nyuma ya duka kuna chumba cha kuwekea ngozi, kina kitanda cha kamba, harufu nitaizoea, na kama najua kupakia nitapakia. Hakuniuliza jina langu. Alinikaribisha nile kwanza.

Kabla ya kula alikuja mwenyewe na birika na beseni, animiminie maji mikononi. Nilikunja mikono ya koti. Nilikuwa na vumbi la kutoka Matiliku hadi hapo, na maji yaliyoanguka kwenye beseni yalikuwa mekundu.

"Hapo umeacha," mzee alisema, akionyesha kifundo. "Sugua."

"Haitoki, mzee."

"Kila kitu kinatoka. Lete sabuni!" aliita ndani.

"Hapana," nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Tafadhali. Si uchafu."

Akasimamisha birika. Ile chupa ya zambarau nilikuwa nimeiacha kwenye rafu ya mama, karibu na ile ya mbarika, na msalaba ulikuwa umeanza kukatika upande mmoja. Usingekaa wiki nyingine hata pasipo sabuni.

"Ni nini basi?"

Nikamweleza. Yeye hakumjua mama wala hangemjua kamwe, na Kalamba kwake ilikuwa jina tu. Nilieleza yote, mlango mzito, plastiki, kidole cha muuguzi, maji ya moto yenye majani, yai la kanga. Chakula kilipoa. Dereva alikuja mlangoni, akasikia kidogo, akarudi nje. Mzee alisikiliza akiwa bado ameshika birika kwa mkono mmoja, na nilipomaliza hakusema pole.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Na uko mbali naye."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole, sikujua kama ni kukubali au kukataa. Kisha akanishika mkono kwa vidole vyake vikavu, akaugeuza, akanimiminia maji kwenye kiganja tu, kidogo kidogo, akiinamisha birika ili hata tone moja lisipande mpaka kifundoni. Akanipa kitambaa.

"Kula," alisema. "Kisha nitakuonyesha mahali pa kulala."